Je, aliyemaliza kifungo nchini Kenya bado anaweza kufutiwa hatia?

Wengi huamini kwamba kesi ya jinai huisha siku mfungwa anapotoka gerezani. Ameshatumikia kifungo, rufaa ya nini tena? Dhana hiyo imewanyamazisha watu wasio na kosa, huku hatia ikiwaandama kila mwajiri anapodai cheti cha tabia njema. Adhabu na hatia ni vitu viwili. Adhabu huisha, hatia hubaki, na inaweza kupingwa hata baada ya kifungo. Msamaha wa Rais, ulio katika ibara ya 133 ya Katiba, pia hueleweka visivyo: humwondolea mtu adhabu, lakini hausemi kwamba mahakama ilikosea.

Kama ulihukumiwa na hakimu na hukuwahi kukata rufaa, anza kwa kuiomba Mahakama Kuu ipokee rufaa nje ya muda. Muda wa kawaida ni siku 14. Hata hivyo, kifungu cha 349 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinaruhusu rufaa iliyochelewa kwa sababu nzuri, na kinailazimu mahakama kuipokea ikiridhika kwamba ulichelewa kwa kukosa nakala za hukumu na mwenendo wa kesi. Ndiyo maana barua ya kuomba nakala hizo, yenye mhuri wa masjala, ni ya kutunzwa kama hati ya shamba. Aliyekiri kosa ana njia nyembamba zaidi. Kifungu cha 348 humwachia kupinga adhabu tu, ila akionyesha kwamba kukiri kwenyewe kulikuwa na dosari, mathalani shtaka lilisomwa kwa lugha asiyoielewa.

Ibara ya 50(6) ndiyo yenye nguvu kubwa, na ndiyo inayowaangusha wengi. Inampa "mtu aliyetiwa hatiani" haki ya kuomba Mahakama Kuu kesi isikilizwe upya. Haisemi lazima awe gerezani, wala haitaji siku ya mwisho. Inataka mambo mawili kwa pamoja: rufaa iwe imekataliwa na mahakama ya juu kabisa unayoruhusiwa kufika, au muda wa kukata rufaa uwe umepita; na uwepo ushahidi mpya, tena mzito. Rufaa ikiwa bado inasikilizwa, ombi hili ni la mapema.

Katika kesi ya Kibisu ya 2014, Mahakama ya Juu ilieleza maana ya maneno hayo. Mpya ni ushahidi ambao haukuwepo wakati wa kesi na usingepatikana hata kwa bidii inayostahili. Mzito ni ule ambao ungekubalika kortini, unaaminika, na pengine ungebadili uamuzi.

Chukua mtu aliyefungwa kwa wizi wa mabavu. Risiti ya safari iliyokuwa mfukoni mwake, ambayo wakili hakuitoa, si ushahidi mpya, hata iwe na ukweli kiasi gani. Daftari la wodi linaloonyesha alilazwa usiku ule ni jambo jingine, ikiwa aliliomba wakati wa kesi, hospitali ikamwandikia kuwa limepotea, kisha likapatikana. Barua ile ya hospitali huambatishwa kwenye hati ya kiapo pamoja na daftari, kwa sababu ndiyo inayothibitisha bidii. Shahidi anayegeuza maneno miaka mingi baadaye huaminiwa kwa shida. Tafuta rekodi ya kumuunga mkono.

Ukishinda chini ya ibara hii, hupewi uamuzi wa kuachiliwa. Unapewa kesi mpya, na unaweza kutiwa hatiani tena. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma anaweza kuendelea nayo, au kuiondoa kwa idhini ya mahakama.

Fidia haiji yenyewe. Ukiishtaki serikali kwa mashtaka ya hila, lazima uthibitishe kwamba kesi iliisha kwa faida yako, kwamba haikuwa na sababu ya msingi, na kwamba kulikuwa na nia mbaya. Muda wa kufungua dai hilo ni miezi 12 tu, ukihesabiwa tangu kesi ilipoisha, si tangu ulipotoka gerezani.