Matumizi ya chinichini: nani anakula bando la nyumbani wakati watu wamelala

Mtu kaweka bando la GB 20 kwenye rauta ya nyumbani, kahisabu vizuri kwamba litamfikisha mwisho wa wiki, siku ya tatu asubuhi anatizama simu anakuta meseji kwamba kifurushi chake kimekwisha. Hapo ndo huanza maneno. Wa kwanza kulaumiwa ni watoto na katuni zao, wa pili jirani, nani kampa paswedi, wa tatu kampuni ya simu kwamba inaiba data za watu. Haya nayaona sana majumbani, Unguja na Pemba sawasawa, na mara nyingi mno alokula bando ni kompyuta ilokaa mezani haikuguswa na mtu yoyote. Sisemi kampuni za simu hazikosei, lakini kabla hujamnyang'anya mtoto simu na kumtia machozini tizama kompyuta kwanza.

Kitu chenyewe ndo hichi kinachoitwa matumizi ya chinichini, yaani data inayotumiwa na kompyuta au simu kwa shughuli zake wenyewe bila ya wewe kufungua kitu. Kompyuta ya siku hizi ikishaunganishwa na intaneti haitulii. Inauliza kama kuna barua pepe mpya, inapandisha mafaili yako kwenye hifadhi ya mtandaoni, antivairasi inachukua orodha mpya ya vairasi, brauza inajisasisha, na kikubwa kuliko vyote ni Windows yenyewe, programu inayoendesha kompyuta, inashusha apdeti zake, yaani marekebisho yake mapya. Vile vidogo vidogo havina tabu, ni MB chache tu kwa siku, na ukivikataza vyote utakuwa na mashine isofanya kazi. Apdeti ndo zinazomaliza bando.

Tangu 2003 Microsoft, wenye Windows, wana siku yao maalumu ya kutoa apdeti, Jumanne ya pili ya kila mwezi. Huziachia saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, kwetu inakuwa saa mbili usiku, na wakati wao wa baridi inakuwa saa tatu. Si lazima kompyuta yako ianze kushusha papo hapo, inaweza kuanza usiku wa manane au kesho yake asubuhi ukishaiwasha, lakini ikiwa bando lako lina tabia ya kukatika kila mwezi baina ya tarehe 8 na 16 na hujui kwa nini basi chukua kalenda uhisabu Jumanne. Apdeti ya mwezi mmoja peke yake inaweza kufika MB mia kadhaa. Likija toleo jipya zima la Windows, hilo ni GB kadhaa kwa mpigo. Na hiyo ni kwa kompyuta moja, nyumba yenye laptopu ya baba, ya dada anaesoma chuo kikuu cha SUZA na ile ya zamani ya watoto, kila moja inashusha yake.

Khasa hiyo ya dada ndo muitizame sana. Laptopu ilokaa kabatini miezi mitatu, siku inayotolewa na kuunganishwa Wi-Fi inakuta kila kitu kimempita, Windows, Office, brauza, antivairasi, programu za duka la Microsoft, na vyote vinaanza pamoja. Mwenyewe anafungua Word tu kuandika kazi yake ya skuli, hana habari kwamba nyuma ya ile karatasi nyeupe kuna GB zinaondoka. Rauta ya 4G ikiwa inatoa megabiti 10 kwa sekunde, spidi ya kawaida tu, inaweza kumeza GB 4.5 kwa saa moja. GB 20 hazifiki saa tano.

Sasa suala watu wanalouliza ni kwa nini haiombi ruhusa kwanza, na hapa ndo pahala pa kupaelewa vizuri maana mengine yote yanatokea hapa. Kompyuta inagawa mitandao mafungu mawili, mtandao unaopimwa na mtandao usiopimwa. Unaopimwa ni ule unaolipia kwa kiasi unachotumia. Usiopimwa ni ule wa kulipia kwa mwezi, tumia kidogo tumia kingi bei ile ile. Ukiwa kwenye mtandao unaopimwa Windows inajizuia, apdeti kubwa haizishushi mpaka wewe useme. Ukiwa kwenye usiopimwa inajiona iko huru. Na vipi inajua uko wapi? Haijui, inakisia. Laptopu yenye laini ya simu ndani yake inakisiwa kuwa inapimwa, na Wi-Fi yoyote ile inakisiwa kuwa haipimwi, manake walotengeneza walifikiria nyumba ambazo intaneti inakuja kwa waya na bili ya mwezi. Lakini sisi wengi wetu Wi-Fi ya nyumbani ni rauta yenye laini ndani, au MiFi, kirauta kidogo cha kubebea, au hotspoti ya simu ya mama, na zote hizo zinakula bando lile lile la vocha. Kompyuta haioni laini, inaona Wi-Fi tu. Ni sawa na mgeni alozoea umeme wa bili ya mwezi umemweka kwenye nyumba ya tukuza, umeme wa kulipia kabla, atawasha kiyoyozi mchana kutwa na dhamira yake nzuri kabisa, hajui kama uniti zinahisabika, mpaka umwambie.

Kumwambia ndo huku. Jiunge na ile Wi-Fi yako, ingia kwenye setingi za Windows, nenda pa mtandao na intaneti, bonyeza Wi-Fi kisha sifa za mtandao huo uloungana nao, shuka chini utaona swichi imeandikwa "Metered connection". Iwashe. Basi, hiyo ndo kazi kubwa na haichukui hata dakika mbili. Ikiwa kompyuta imeungwa na rauta kwa waya swichi hiyo pia ipo, upande wa Ethernet. Ukishaiwasha apdeti za Windows zinasimama isipokuwa vidogo vya lazima sana, na OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, nayo husimama kupandisha mafaili. Wenye Mac kuanzia toleo la Ventura la 2022 wana swichi kama hiyo inaitwa "Low Data Mode".

Jambo moja watu wengi hawalijui na ndo linalowarudisha kule kule: swichi hiyo inafungwa kwenye jina la mtandao, siyo kwenye kompyuta. Ukibadilisha rauta, au ukabadilisha jina la Wi-Fi, au siku hiyo umeme umekatika rauta imezima ukaenda kwenye hotspoti ya simu, kwa kompyuta huo ni mtandao mpya na inarudi kukisia kwamba haupimwi. Kila jina jipya liwashie swichi yake, na hotspoti za watu wote wa nyumbani ziwashie mapema siku hiyo hiyo.

Kabla hujamlaumu mtu kuna ushahidi unaweza kuutizama. Pale pale pa mtandao na intaneti kuna sehemu ya "Data usage", inakuonesha siku 30 zilopita kila programu imetumia kiasi gani. Ukikuta brauza ina GB 12 hiyo ni YouTube na hapo watoto waulizwe. Ukikuta iloongoza imeandikwa System basi hiyo ni Windows wenyewe, na mtoto aombwe radhi. Naomba hili lichukuliwe kwa uzito, nimeona ndugu wamenuniana kwa MB ambazo hakuna mtu alozitumia. Pale pale unaweza kuweka kikomo pia, useme mwezi huu mwisho GB kadhaa, ikikaribia inakupa taarifa.

Kuna moja nyengine inafichika zaidi, inaitwa "Delivery Optimization". Hii kazi yake ni kuzifanya kompyuta zigawiane apdeti, iloshusha mwanzo inawapa wenzake vipande. Windows 10 ilipotoka 2015 matoleo ya Home na Pro yalikuja hii imewashwa mpaka kwa kompyuta za nje, yaani laptopu yako iko Wete inampandishia apdeti mtu usomjua yuko nchi nyengine kwa bando lako. Ingia kwenye setingi za Windows Update uitafute, na ikiwa imewekwa kwa intaneti nzima irudishe kwa mtandao wa ndani peke yake. Usiizime yote ikiwa nyumbani kuna kompyuta zaidi ya moja, manake huo mgao wa ndani unakuokolea, moja inaweza kushusha na nyengine ikachukua kwake kwa Wi-Fi bila ya kugusa bando.

Mwaka huo huo 2015 lilitokea kubwa zaidi. Kompyuta za Windows 7 na 8 zilizowacha apdeti wazi zilishushiwa mafaili ya Windows 10, baina ya GB 3.5 na 6, kwenye folda iliyofichwa, hata kwa watu ambao hawakuomba kuhamia Windows 10. Microsoft wenyewe walikubali kwamba ndivyo. Kwa mtu anaenunua bando la wiki hiyo ni dhulma, sioni neno jengine.

Lakini pamoja na hayo msifanye lile ambalo mafundi wengine wa mtaani wanafanya, la kuziua apdeti moja kwa moja ili mteja asirudi kulalamika. Machi 2017 Microsoft walitoa apdeti ya kuziba tundu moja kwenye Windows. Miezi miwili baadae, tarehe 12 Mei, ikaja vairasi ya WannaCry ikapita tundu lile lile, ikafunga mafaili kwenye kompyuta za nchi zaidi ya 100 na kudai pesa, hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa. Walioshusha apdeti ya Machi haikuwapata. Kwa hivo kuahirisha sawa, kuua hapana. Windows 11 inakuruhusu kusimamisha mpaka wiki tano, zikipita inakulazimisha kuchukua kwanza zilosubiri.

Njia ya watu wa bando ni kuchagua wewe siku. Swichi ya kupimwa iwe imewashwa mwezi mzima, halafu wiki ya tatu hivi, Jumanne ile ikishapita, ununue bando la usiku, ufungue Windows Update ubonyeze ishushe mwenyewe ukijua, laptopu iko kwenye chaji. Au ikiwa afisini kuna intaneti ya waya isiyopimwa na mkuu karidhia, ichukue laptopu siku moja ikashushe huko. Na kufunga kifuniko usihisabu kuwa ni kuzima. Laptopu nyingi mpya zikiwa kwenye chaji zinaendelea kuzungumza na mtandao kifuniko kikiwa chini, ukitaka kulala na moyo mtulivu izime kabisa au zima rauta.

Simu nazo zina makisio yale yale. Play Store inaposema isasishe kwa Wi-Fi tu, yenyewe inadhani inakufanyia hisani. WhatsApp kwa kawaida ikiwa kwenye data ya simu inashusha picha peke yake, ikifika kwenye Wi-Fi inashusha video na kila kitu cha kila grupu. Google Photos inasubiri Wi-Fi ipandishe picha zote. Kwenye Android gusa jina la Wi-Fi yako utaona pa kuchagua mtandao uhisabiwe kuwa unapimwa, na iPhone tangu iOS 13 ina "Low Data Mode" kwa kila Wi-Fi.

Wenye vinyumba vya wageni Jambiani, Paje na Nungwi hili linawahusu zaidi ya mtu mwengine yoyote, manake mgeni anakuja na simu na laptopu zilozoea intaneti isiyokwisha kwao, anapiga picha mia mbili za bahari mchana na usiku zote zinapanda wakati kalala. Hana makosa, hajaambiwa. Kibandike kikaratasi pale palipoandikwa paswedi kwamba Wi-Fi hii ni ya bando, tafadhali washa "Metered connection" au "Low Data Mode", na ikiwa rauta yako inaruhusu mtandao wa wageni mbali na wako uwafungulie huo wenye kikomo chake, ili hesabu zako za afisi zisikatike kwa sababu ya apdeti ya mtu mwengine.