Bastola juu ya kabati haijafichwa

Wazazi wenye leseni ya silaha hapa Nakuru hujituliza hivi: "Nimetoa magazini, kile kisanduku cha risasi, na mtoto hajui bastola ilipo." Hayo mawili hayamlindi mtoto. Ukichomoa magazini, risasi iliyokwisha kuingia kwenye chemba, yaani nyuma ya mtutu inapokaa tayari kufyatuliwa, hubaki humo, na bastola nyingi hufyatuka hata bila magazini. Vuta sehemu ya juu ya bastola nyuma, chungulia chemba, kisha papasa kwa kidole kidogo uhakikishe iko tupu. Na mtoto? Anayepanda kiti kutafuta biskuti zilizofichwa, bastola ataikosaje? Kumkanya peke yake hakutoshi. Utundu ndio utoto wenyewe. Leseni imeandikwa jina lako, si lake. Nunua sefu, risasi zifungie kwingine, funguo ukae nazo mwenyewe, hata ukienda kuoga.