Tuzo si mchango: hela ya seva inavyopatikana

Kwenye taarab Magomeni utaona watu wanavyotunza. Mwimbaji akigusa ubeti unaomchoma mtu, mwenyewe anainuka, anacheza taratibu hadi mbele na noti mkononi, ukumbi mzima ukimtazama. Anatunza kwa ajili ya ubeti ule, na pengine kwa ajili ya yule aliyekaa meza ya pili. Aliyeinuka kwenda kumtunza fundi mitambo sijamwona bado.

Mimi ndiye fundi mitambo. Nasimamia seva, yaani kompyuta inayoendesha na kuhifadhi mtandao mdogo wa kijamii wa wapenda lugha na historia, wengi wetu tukiwa hapa Dar es Salaam. Tunatumia Mastodon, programu huria ambayo Eugen Rochko aliitoa Ujerumani mwaka 2016. Kikundi chochote kinaweza kuweka seva yake, kikajitungia kanuni zake, na wanachama wake wakaendelea kuwasiliana na watu wa seva nyingine. Matangazo hatuna, mwekezaji hatuna. Bili tunayo, na inakuja kwa fedha za kigeni. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 2,300; mwaka uliofuata ikapita 2,600. Seva ileile, watu walewale, bili ikapanda bila sisi kuongeza kitu.

Wageni hudhani gharama kubwa ni maandishi. Maandishi ni mepesi mno. Kinachotula ni picha na video, tena si zetu peke yetu. Mwanachama wetu akimfuata mtu wa seva ya Ufaransa, seva yetu huvuta nakala ya picha za mtu huyo na kuzihifadhi. Tulipoanza, diski ilijaa kwa picha za watu tusiowajua. Sasa nakala hizo nazifuta kila baada ya siku saba. Hatua hiyo moja imetuokolea hela nyingi kuliko harambee yoyote tuliyowahi kuitisha, na ndiyo ninayomwambia kila anayetaka kuanza: punguza matumizi kabla hujaomba.

Kuhusu tuzo, yaani hela ndogo ambayo msomaji hutoa kwa bandiko lililomgusa, nitakaa kidogo hapa, maana wengi huanzia huku na ndiko wanakojikwaa. Reddit, mtandao wa majadiliano wa Marekani, ilianza kuuza Gold, uanachama wa kulipia, mwaka 2010, ilipokuwa na wafanyakazi wachache na seva zinaelemewa. Baadaye ukaweza kumnunulia Gold mwenzako aliyeandika jambo likakugusa, na ukaonyeshwa kwamba umelipia dakika kadhaa za seva. Nililipenda sana wazo lile la dakika. Mtoaji alijua hela yake imefanya nini. Kisha zikaja sarafu za mtandaoni za kununulia tuzo, na tuzo za kila namna, na uhusiano ule wa hela na mtambo ukafifia. Septemba 2023 kampuni iliziondoa, na sarafu ambazo watu walikuwa wamenunua bila kuzitumia zikaishia hapo. Tuzo zilirudishwa mwaka uliofuata kwa mpango mwingine. Miaka yote hiyo mtoaji alihisi anamtuza mwandishi, hela ikaenda kwa kampuni, na wasimamizi wa kujitolea, wale wanaofuta matusi usiku wa manane, hawakuwa na fungu humo.

Sisi tuliita tuzo yetu shada, shilingi 500. Mara ya kwanza tuligawa nusu kwa mwandishi, nusu kwenye kapu, yaani mfuko wetu wa pamoja wa seva. Ndani ya miezi miwili watu walikuwa wanaandika ili watuzwe. Bandiko la mwanachama mmoja kuhusu mitumbwi ya Kilwa, lililomgharimu wiki nzima, likapata mashada mawili. Ugomvi wa watu wawili ukapata zaidi ya thelathini. Iliniuma. Tukabadilisha: shada lote linaingia kwenye kapu, mwandishi anabaki na alama pembeni ya bandiko lake, na kapu linaanza kwa kulipa bando la wasimamizi wa zamu. Mashada yalipungua, na ugomvi pia. Tuzo inafuata hisia za siku hiyo. Bili ya mwezi usiitegemee.

Bili inalipwa na mchango, na mchango sisi tunaujua. Nani katika jiji hili hajapokea kadi ya harusi yenye kiasi kimeshaandikwa? Kamati ya harusi inafanikiwa kwa sababu ina tarehe, ina daftari, na ina mtu asiyeona haya kukumbusha ahadi. Seva haina tarehe, kwa hiyo tukaipa. Tunachangisha mara nne kwa mwaka, kati ya tarehe 25 na 30, mishahara ikiwa imeingia, na Januari hatugusi kabisa kwa sababu ya ada za shule. Mara nne, si kila mwezi, kwa kuwa hela ndogo inayotumwa mara nyingi huliwa na makato. Hilo tulijifunza Julai 2021, tozo ya Serikali ilipoanza kukatwa kwenye miamala ya simu: aliyekuwa anatuma elfu moja kila mwezi aliacha, na hakuwa na kosa.

Hela isikae kwenye simu ya mtu, hata awe mwaminifu namna gani. Kuna akaunti za vikundi, M-Koba kwa mfano, ambako hela haitoki mpaka viongozi waidhinishe. Weka pia kikomo cha mtoaji mmoja. Kuna mtu alijitolea kutulipia mwaka mzima, tukashukuru, tukapokea. Mwezi wa tatu akataka akaunti ya mpinzani wake ifungwe. Tulimrudishia iliyobaki, tukaishi kwa kubana miezi minne. Sasa mtu mmoja hazidishi sehemu moja ya kumi ya mahitaji ya mwaka.

Na akiba. Seva zinazotaka kuorodheshwa kwenye tovuti rasmi ya Mastodon hukubali masharti machache, yakiwemo haya: nakala rudufu kila siku, mtu wa pili mwenye uwezo wa kuingia kwenye seva kukiwa na dharura, na taarifa ya miezi mitatu kabla ya kufunga. Sharti la mwisho watu hulisoma kama adabu tu. Mimi nalisoma kama hesabu: huwezi kuwaahidi watu miezi mitatu ya kuhamisha vitu vyao kama huna hela ya miezi mitatu mkononi. Kwa hiyo kapu letu lina sakafu. Likishuka chini ya miezi mitatu tunasimamisha kupokea wanachama wapya, na tunasema kwa nini.

Mweka hazina wetu, dada mmoja wa Tandika, huandika bandiko lake kila tarehe 5: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na nani ana ufunguo wa pili mwezi huu. Mwezi huu kimebaki cha miezi mitano. Bandiko lake hilo lina mashada kumi na moja.