Je, wajua? Hospitali ya umma ikigoma serikali haipotezi hela, sasa mgomo wa manesi na madaktari unapata wapi nguvu?

Kuna kitu huwa hatukifikirii sana tukisikia manesi wamegoma. Kiwanda kikigoma leo, kesho mwenye kiwanda anahesabu hasara, mzigo hautoki, wateja wanahamia kwa mwingine, na kufika jioni ashaanza kutafuta namba za viongozi wa chama awaite mezani. Haya, hospitali ya serikali ikigoma nani anapata hasara? Siku hiyo dawa zinatumika kidogo, glavu kidogo, na mara nyingi siku za mgomo hazilipwi mshahara. Ukipiga hesabu kavukavu mwajiri kabakiwa na chenji. Anayeumia ni mgonjwa, ambaye hata kwenye huo ugomvi hayumo.

Kwa hiyo ukiona chama cha wafanyakazi wa afya kimeshinda, ujue hakikushinda kwa kufunga milango tu. Kilishinda kwa sababu wodi nzima ilikuwa kitu kimoja kweli, halafu mgonjwa na ndugu zake wakaamini kwamba wenye makoti meupe wanagombea na kitanda chao pia. Hayo mawili yakikosekana mgomo unaweza kukaa miezi na serikali ikalala usingizi.

Tuanze na swali ambalo kila mtu anauliza, wakigoma nani anabaki na mgonjwa wa mashine? Shirika la Kazi Duniani, ILO, linazihesabu hospitali kama huduma muhimu hasa, yaani zile ambazo zikisimama uhai wa watu unakuwa hatarini, na hapo serikali inaruhusiwa kubana mgomo au hata kuuzuia. Lakini kuna sharti watawala wengi hujifanya hawajaliona: ukimnyima mtu haki ya kugoma, lazima umpe njia nyingine ya haraka na isiyo na upendeleo, kama jopo la usuluhishi ambalo uamuzi wake unazibana pande zote mbili. Na kamati ya ILO inayoshughulikia uhuru wa vyama ishasema kwamba hata ndani ya hospitali si kila mtu anaingia kwenye katazo hilo, imewataja hadi watunza bustani. (Nilipolisoma hilo nilicheka, ila ukifikiria ni la maana, maana kuna waajiri wanaokwambia hadi anayefyeka majani nje ni huduma ya dharura.)

Pale mgomo unaporuhusiwa, kazi ngumu inaanzia kwenye listi. Kamati ya mgomo inakaa na uongozi wa hospitali wanapitia wodi moja moja, huku wanabaki wangapi, huku hakuna kuondoka kabisa, huku tuweke idadi kama ya zamu ya sikukuu. Chama cha wauguzi cha Uingereza, RCN, kilipogoma Desemba 2022, wagonjwa mahututi, kusafisha damu, dawa za saratani na watoto wachanga wanaohitaji uangalizi maalumu waliachwa nje ya mgomo, huduma zao zikaendelea. Na hicho ni chama kilichoanzishwa 1916, na mpaka 1995 kanuni zake zenyewe zilikataza mgomo! Miaka karibu 80 ya kusema sisi hatugomi. Sasa watu kama hao wakitoka nje na mabango, hata mpita njia anajiuliza huko ndani kuna nini.

Ile listi mimi naiona ndo silaha yenyewe, ingawa wengi wanadhani ni udhaifu, eti mmegoma nusu nusu. Anayeamua nani abaki na nani atoke ndiye ameshika usukani wa hospitali siku hiyo, na kila mtu anaona kwamba manesi wanajua kazi inavyokwenda kuliko ofisi ya juu. Na kuna lile linalouma zaidi, ambalo wauguzi husema wenyewe wakikaa kuandika hizo idadi, kwamba idadi ya kubaki siku ya mgomo wakati mwingine haitofautiani sana na idadi ya siku ya kawaida. Wodi ishakuwa kwenye mgomo siku zote, ila haina bango.

Sasa kujipanga kunafanyikaje? Watu wanadhani ni meseji kwenye grupu la WhatsApp halafu kesho twende. Thubutu. Hospitali ni mahali pagumu mno kukusanya watu, zamu ya usiku haijuani na ya mchana, daktari hakai meza moja na mfagizi, wa ajira ya kudumu anamwona wa mkataba kama mgeni, na wa mkataba anaogopa kufungua mdomo maana mkataba wake unaisha mwezi ujao. Mwakilishi mzuri wa tawi anatembea. Anaenda saa ya kubadilishana zamu, anajua kila kitengo nani akisema wenzake wanamsikiliza (na mara nyingi huyo hana cheo chochote, ni yule nesi wa siku nyingi ambaye hata madaktari wapya wanamkimbilia), anaanza na kijambo kidogo kinachokera kila mtu, tuseme ratiba ya zamu inayotoka siku moja kabla, wakishinda hicho kidogo pamoja ndo wanapata moyo wa kikubwa. Ukiruka hatua hiyo utaumbuka kwenye kura.

RCN hao hao waliumbuka. Sheria ya Uingereza ya 2016, iliyokuwa ikitumika wakati huo, ilitaka angalau nusu ya wanachama wenye haki ya kura wapige, bila hivyo kura haikuhesabika hata kama waliopiga wote walisema ndiyo. Juni 2023 chama kikarudia kura England, asilimia 84 ya waliopiga wakataka mgomo uendelee, ila waliopiga walikuwa asilimia 43 tu. Mgomo ukafia hapo. Hakuna polisi, hakuna mahakama, karatasi hazikurudi basi. Watu walikuwa wamechoka, na kuna waliokuwa hawajafuatwa wodini na mtu yeyote kuongea nao.

Halafu njoo kwenye mageuzi, maana ndiyo yanayowasha moto mara nyingi kuliko hata mshahara. Serikali ikisema inafanya mageuzi ya afya, kwa mfanyakazi swali la kwanza ni moja tu, kesho bosi wangu ni nani? Kupeleka hospitali kwa serikali za chini, kuzigeuza kampuni, kumpa mtu binafsi aziendeshe, yote hayo yanabadilisha upande wa pili wa meza, na mkataba uliosainiwa na bosi wa jana bosi wa leo anaweza kuukana.

Kenya ni somo zima hapo. Chama cha madaktari, KMPDU, kilisaini na wizara mkataba wa pamoja, yaani wa mishahara na masharti ya kazi ya madaktari wote, Juni 2013, mwaka huohuo ugatuzi, yaani kugawia serikali za chini madaraka, ukahamishia huduma za afya kwenye kaunti 47. Utekelezaji wa mkataba ukaanza kuruka danadana, huku wanaambiwa haukusajiliwa mahakamani, kaunti zinasema sisi hatukuwepo. Desemba 5, 2016 madaktari wakaweka vifaa chini, na mgomo ukafika siku 100, ukaisha Machi 14, 2017. Katikati yake, Februari, mahakama ikawafunga viongozi 7 wa chama kwa kukaidi amri ya kusitisha mgomo, na siku mbili baadaye wakatoka kwa amri ya Mahakama ya Rufaa. Ukafuata mkataba mwingine 2017, na 2024 wakagoma tena siku 56, malalamiko mojawapo yakiwa ni mkataba huohuo wa 2017 kutotekelezwa, pamoja na malipo ya madaktari walio mafunzoni. Unaona mchezo? Kila mara kinachogombewa ni saini ambayo ishawekwa.

Madrid, Uhispania, walicheza tofauti. Mwishoni mwa 2012 serikali ya jimbo ikatangaza kuwapa watu binafsi uendeshaji wa hospitali 6 na vituo vya afya 27. Wafanyakazi wakaingia barabarani na makoti yao meupe, wagonjwa na majirani wakaungana nao, maandamano yakaitwa wimbi jeupe, na madaktari wengine wakaenda mahakamani huku wenzao wakiandamana. Mahakama ikasimamisha mpango 2013, na Januari 2014 serikali ikautupa, na waziri wa afya wa jimbo akajiuzulu. Mahakama ilisaidia sana, hilo tusilifiche, ila jaji akiangalia dirishani aone bibi wa miaka themanini kasimama na nesi wake, presha inakuwa nyingine.

Sasa usije ukadhani kila anayegoma kwenye afya anamgombea mgonjwa. 1962, jimbo la Saskatchewan huko Kanada, madaktari waligoma siku 23 kuanzia Julai 1 KUPINGA bima ya matibabu ya umma. Bima ikabaki, na baadaye Kanada nzima ikafuata njia hiyo. Kwa hiyo ukisikia mgomo wa kupinga mageuzi uliza mageuzi gani, na yakipita nani atalipia kitanda.

Kuna na njia nyingine ambazo si mgomo kabisa. Ya kwanza ni mgomo baridi, unafanya kila kitu kama kanuni inavyosema na saa yako ikifika unavua koti, na ajabu ni kwamba hospitali nyingi zikifuata kanuni zao wenyewe zinakwama, maana zinaendeshwa na muda wa ziada usiolipwa. Ya pili ni kali, kuacha kazi kwa pamoja. Jamhuri ya Czech, madaktari wa hospitali wapatao 3,800 waliandika barua za kuacha kazi zianze kufanya kazi mwanzoni mwa Machi 2011, kampeni ikaitwa asante, tunaondoka, na kabla tarehe haijafika serikali ikakubali kuongeza mishahara. Majirani zao wa Slovakia wakaiga mwaka huohuo, na wao wakaongeza dai la kusimamisha hospitali kugeuzwa kampuni za hisa, serikali ikatangaza hali ya hatari ndo baadaye wakaelewana. Finland walitangulia 2007, manesi karibu 12,800 wakasaini kuacha kazi, bunge likapitisha haraka sheria ya kuruhusu baadhi yao walazimishwe kufanya kazi. Hebu fikiria, serikali inatunga sheria ya kumzuia mtu asiache kazi ambayo miaka yote imemwambia haina hela ya kuilipa vizuri.

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote uko Victoria, Australia. Manesi wa pale waligoma siku 50 mwaka 1986, na baada ya hapo walijifunza kutumia vitanda badala ya milango: wodi inafanya kazi, mgonjwa aliyelala anahudumiwa, ila vitanda kadhaa vinafungwa havipokei mpya. Mwaka 2000 tume ya usuluhishi ikawapa kitu ambacho kila ndugu wa mgonjwa anakielewa bila kueleweshwa, nesi 5 kwa wagonjwa 20 kwenye wodi za kawaida za hospitali kubwa mchana. Serikali zilizofuata zilijaribu kukilegeza, kila mazungumzo ya mkataba wakirudi mezani manesi wanakuta wanakitetea upya, mpaka 2015 kikatolewa kwenye mkataba na kuandikwa kwenye sheria ya jimbo, ambako bosi mpya hawezi kusema hakuwepo siku ya kusaini.