Milimita 1067 hazina kosa

Jumatatu hii tena. Nimeandika ubaoni "Mwendo wa treni kwenye kona", hata vumbi la chaki sijapangusa mikononi, mwanafunzi wa mstari wa nyuma ananyoosha mkono: "Prof, si treni zetu zinajikokota kwa sababu njia yetu ni nyembamba? Tanzania wamejenga ya 1435, zinakimbia." Oditwari (ukumbi wa masomo) nzima inaitikia kama kwaya.

1067, yaani milimita kutoka reli hadi reli, ndiyo iliyofika hapa Lubumbashi mwaka 1910 ikitokea Rhodesia. Upana huohuo, Afrika Kusini, mwaka 1978, ulibeba treni ya majaribio kwa kilomita 245 kwa saa. Japani, treni za kawaida za abiria hufika 130 juu yake. Mzigo je? Sishen hadi Saldanha, hukohuko Afrika Kusini, kilomita 861, madini ya chuma, mabehewa 342, tani 30 kwa ekseli (chuma kinachounganisha magurudumu mawili). Nileteeni "wembamba" huo hapa Katanga, nitanyamaza.

Tanzania wamejenga tuta jipya, mataruma (yale yanayolaliwa na reli) ya zege, reli zilizounganishwa kwa kuchomelewa, kona pana. Mtu akipewa barabara mpya, viatu vipya na chakula cha kutosha, nyie mnasifu kamba za viatu!

Tuje kwenye kona, maana ndipo ninapopandwa na hasira. Kwenye kona reli ya nje huinuliwa, treni iegemee ndani isisukumwe nje. Kiasi cha kuinua ni upana mara mwendo wa mraba, gawanya kwa 127 mara nusukipenyo. (Upana ni katikati ya kichwa cha reli hadi katikati ya kichwa cha nyingine, si 1067 tupu. Hapo nusu ya darasa hupoteza alama kila mwaka.) Kona ya mita 300, kilomita 60 kwa saa: sisi tunainua karibu milimita 107, wao karibu 142. Darasa likashangilia: "Umeona, Prof, tofauti!" Tofauti gani? Gawanyeni kila moja kwa upana wake. Pembe ya kuinama ni ileile. Sasa pitisheni 120 kwenye kona hiyohiyo: kiasi kinazidi mara nne, na hakuna fundi wa upana wowote atakayejenga hivyo. Kona inauliza nusukipenyo tu.

Wembamba una hasara zake, sikatai. Mota kati ya magurudumu inabanwa, na kontena mbili zikipandishana zinayumba. Lakini Zambia na Angola nao wako kwenye 1067. Tukibadilisha peke yetu, tutapakua mizigo mpakani.

Kinachotupunguzia mwendo ni maji. Kokoto nzuri chini ya mataruma ina kingo kali, jiwe linashika jiwe. Udongo ukiingia katikati na mtaro ukiziba, mvua za Novemba zinaugeuza tope. Kila ekseli inapopita taruma linazama, tope linaruka juu, linasaga kokoto zaidi.

Hapa niseme ambalo kwenye noti zangu halimo: nikiulizwa treni ipite kwa mwendo gani pale ambapo kila taruma la tatu limekufa, sina hesabu ninayoiamini. Fomula zote zinadhani njia ni nzima. Mimi husimama kando, natazama reli inavyopinda chini ya injini, nasikiliza, halafu nataja namba. Kisha naipunguza.

Mwanafunzi wa nyuma akauliza kama habari ya tope itakuwa kwenye mtihani. Itakuwa.