Boti ya Kutwa Lamu: Tazama Ubavu Kabla ya Mashine

Likizo ya Agosti ikifika, gati la Lamu hujaa familia zinazotafuta boti ya kutwa: asubuhi kwenda kisiwa kidogo cha Manda Toto kuogelea na kuchoma samaki, jioni kurudi nyumbani. Swali la kwanza kwa nahodha huwa bei. La pili huwa mashine ina farasi wangapi. Sisi tunaokagua vyombo vidogo tungependa la pili liwe jingine kabisa: boti hii ikishapakia watu, mizigo na mafuta, ubavu wake unabaki juu ya maji kwa kimo gani? Farasi 40 hawazuii wimbi kuingia ndani. Ubavu ndio unaozuia.

Tatizo la Agosti ni kwamba iko ndani ya kusi, upepo wa kutoka kusini. Upepo huo huanza kushika mnamo Aprili na huendelea hadi Septemba au zaidi kidogo, na kati ya Juni na Agosti ndipo unapokuwa na nguvu zaidi. Wenye nafasi ya kuchagua wangesubiri kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ianze, baada ya mvua za vuli, bahari inapokuwa na subira zaidi. Lakini kalenda ya shule haifuati pepo, kwa hiyo tuzungumze kuhusu boti itakayohimili hali ilivyo.

Lamu ina hila moja ambayo wageni, hata wa kutoka Mombasa, hawaijui mapema. Kuanzia Mokowe hadi mbele ya mji, maji yamekingwa na visiwa na mikoko. Ukisimama gatini saa tatu asubuhi utaona bahari imelala, na kila boti inaonekana nzuri. Ukishuka hadi mlango wa Shela, kati ya kijiji cha Shela na Ras Kitau upande wa kisiwa cha Manda, mambo hubadilika katika umbali mfupi sana. Hapo maji ya ndani hukutana na bahari kuu, na hapo ndipo kusi huingia bila kizuizi. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Nahodha anayekuambia "leo upepo umezidi kidogo tu" anaweza kuwa anasema kweli, na hicho kidogo kikawa kikubwa ukifika mlangoni.

Upepo peke yake si balaa. Balaa huja maji yanapotoka huku upepo ukiingia. Mkondo wa maji ya kupwa hulibana wimbi, hulifupisha na kulifanya lisimame wima. Wimbi la mita moja lenye nafasi pana ni bembea tu. Likibanwa na mkondo, boti haina muda wa kupanda moja kabla ya kupigwa na la pili. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji katika pwani yetu hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne. Sasa ifikirie familia iliyopitia nje ya Manda, ikakaa, ikala, ikapiga picha, kisha ikarudi saa kumi na moja jioni. Inakuta maji yote yaliyojaa ndani ya visiwa yanatoka kwa kasi kupitia mlango wa Shela, kusi liko palepale, na jua linazama. Boti ileile iliyowapeleka kwa raha asubuhi sasa iko katika bahari nyingine. Kwa hiyo boti ya kutwa huchaguliwa kwa safari ya kurudi.

Sasa tuje kwenye boti zenyewe. Zinazokodishwa hapa ni za aina tatu hivi.

Kwanza ni boti ndogo ya faiba yenye tumbo bapa au karibu bapa. Ikiwa imesimama imetulia sana, watoto wanaweza kuhama upande mmoja kwenda mwingine isiyumbe, na hupita kwenye maji ya magotini. Kwa safari ya ndani haina mpinzani. Kwenda Matondoni na Kipungani, au kuingia mkono wa mikoko unaoelekea magofu ya Takwa wakati maji yamejaa, ningeichagua hii bila kufikiri. (Takwa maji yakipwa haiendeki, hata uwe na mashine ya aina gani. Siku ya bamvua usikubali kuahidiwa kuingia huko saa nne asubuhi.) Lakini tumbo bapa hulipiga wimbi badala ya kulikata. Kila pigo hupanda moja kwa moja hadi kwenye kiti, na aliyekaa omo, yaani mbele, hupata kishindo kikubwa kuliko wote. Watu wamevunjika pingili za uti wa mgongo kwa kurushwa na kuangukia viti vya mbele vya boti za kasi. Bibi, mama mjamzito na mtoto mdogo wakae nyuma ya katikati ya boti, hata kama mandhari mazuri yako mbele.

Pili ni boti ya tumbo lenye pembe, lililochongoka kama herufi V kutoka omo hadi shetri, yaani nyuma. Umbo hili lilipata sifa duniani mwaka 1960, pale boti iitwayo Moppie, iliyochorwa na Mmarekani Raymond Hunt, iliposhinda mbio za Miami hadi Nassau katika bahari chafu. Tumbo la namna hii hulipasua wimbi na kushuka taratibu. Gharama yake ni kwamba huyumba zaidi ikisimama, hunywa mafuta zaidi, na huhitaji kina kikubwa zaidi. Wengi hapa hununua au kukodi iliyo katikati: pembe kali omo, kisha tumbo linalopungua makali kuelekea shetri. Kwa familia inayotaka kupita nje hadi upande wa bahari wa Manda, hiyo ya katikati ndiyo inayofaa, mradi ubavu uwe mrefu na isijazwe watu.

Tatu ni mashua ya mbao yenye injini ya dizeli ndani. Wenye haraka huidharau kwa sababu mwendo wake si zaidi ya mtu anayekimbia mchakamchaka. Mimi siidharau. Uzito wa injini uko ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, mahali panapotakiwa uzito, mbavu ni ndefu, na dizeli haishiki moto kwa urahisi kama petroli. Ukiwa na wazee, watoto na masufuria ya biriani, na safari ni ya kupitia Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara, kwenda Manda Toto, mashua itakufikisha na chakula kikiwa bado ndani ya sufuria. Cha kuangalia ni saa tu: haiwezi kukimbia mbele ya giza, na Mkanda kwa chombo kizito hupitika vizuri maji yakiwa yamejaa.

Boti za mipira na zile za matumbo mawili zipo chache, na mara nyingi ni za hoteli. Sitazizungumzia zaidi.

Nirudi kwenye ubavu, maana hapa ndipo ajali nyingi huanzia. Mazungumzo ya gatini huwa hivi:

"Kepteni, boti yako inachukua watu wangapi?"

"Kumi. Lakini nyinyi mna watoto, hata kumi na wanne twende tu."

Watoto ni watu. Wana uzito, wanahitaji majaketi, na husimama pasipotakiwa. Idadi iliyoandikwa kwenye leseni ya chombo ndiyo idadi, na una haki ya kuomba kuiona karatasi hiyo kabla ya kulipa. Kipimo changu cha haraka ni hiki: watu wote wakishapanda, kaa kwenye kiti cha pembeni, tundika mkono nje bila kuinama. Kiganja kikigusa maji, boti hiyo isitoke mlango wa Shela siku hiyo. Ndani kwa ndani inaweza kwenda, taratibu.

Kisha kuna maji yanayoingia kidogo kidogo, ambayo watu huyazoea. Chukua boti yenye sakafu ya mita 4 kwa mita 1.5. Maji ya kina cha sentimita 10 tu juu ya sakafu hiyo ni zaidi ya kilo 600, sawa na watu wazima wanane wa kilo 75. Tena abiria hawa wanane hawakai mahali pamoja. Boti ikilala kulia wote hukimbilia kulia, ikilala kushoto wote hukimbilia kushoto, na kila safari wanaiongezea mlalo. Ndiyo maana kufua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, si kazi ya kusubiri tufike. Kata ya kuchotea iwe karibu na mkono, imefungwa kamba, na kuwe na mtu anayejua kwamba ni kazi yake.

Anayenunua boti ya familia aulize jambo jingine: ikijaa maji hadi juu, itaelea? Kampuni ya Boston Whaler ilianza mwaka 1958 kutengeneza boti zenye povu gumu kati ya ngozi mbili za faiba, na ilipata jina kwa kuikata boti kwa msumeno na vipande vikabaki vikielea. Si lazima ununue boti hiyo ghali. Mafundi wa faiba wa hapa wanaweza kujaza povu chini ya viti, ukisimama na kuona likijazwa. Kisanduku kitupu chenye mfuniko usioziba ni kabati la kuwekea viatu, kisihesabiwe kuwa boya.

Paa la turubai ni neema kwenye jua la Lamu, lakini hushika upepo na huinua uzito juu. Likunjwe kabla ya kutoka mlangoni. Spika kubwa ya muziki juu ya paa, kama zile tunazoziona msimu wa sherehe, sina neno zuri la kusema juu yake.

Mashine, basi. Nyingi za hapa ni za mipigo miwili, farasi 15 au 40, na sababu inaeleweka: ni nyepesi, na fundi hupatikana kila kijiji. Za mipigo minne hazipigi kelele na hunywa petroli kidogo, lakini ni nzito zaidi shetri na hazivumilii mafuta machafu. Kwa boti ndogo uzito huo wa nyuma ni jambo la kupima, kwa sababu ubao wa shetri ndio mfupi kuliko pande zote, na wimbi linalokuja kwa nyuma huingilia hapo. Angalia pia mguu wa mashine. Wa inchi 15 unafaa boti yenye ubao mfupi wa shetri na maji tulivu. Wa inchi 20 huiacha propela ndani ya maji boti inapopanda na kushuka. Mashine inayonguruma juu ya kila wimbi imepoteza maji, na wakati huo hakuna usukani.

Kwa safari ya nje, mashine ya kawaida pamoja na ndogo ya akiba ni bora kuliko moja kubwa peke yake. Ila kama zote mbili zinanyonya tangi moja, mafuta yakiwa na maji zitazima zote kwa pamoja. Akiba iwe na galoni lake. Mafuta yenyewe yagawanywe mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, la tatu lisiguswe. Kurudi dhidi ya upepo hunywa zaidi ya kwenda.

Abiria anaweza pia kumsoma nahodha. Anayekabili mawimbi ya mbele hupunguza mwendo na kuyachukua kwa mshazari kidogo. Anayeingia mlangoni na mawimbi nyuma yake hukaa mgongoni mwa wimbi moja na kwenda nalo, halipiti, wala haliachi la nyuma limfikie. Akilipita, omo huzama kwenye wimbi la mbele, boti hugeuka ubavu, na hapo hupinduka. Wakati huo abiria wasogee nyuma kidogo, wakae chini, wasisimame kupiga picha. Ukiona nahodha anashindana na boti nyingine mlangoni, mwambie apunguze. Hata kama ni mjomba wako.

Majaketi yavaliwe kabla ya kuondoka, si yakaliwe kama mito. Kwa mtoto, mfunge jaketi kisha linyanyue kwa mabega yake: likipanda hadi masikioni ni kubwa mno, na majini atatoka kwa chini. Liwe na mkanda wa kupita kati ya miguu. Aliyebaki nyumbani ajue mmekwenda wapi na mnarudi saa ngapi, kwani simu hupotea nyuma ya mikoko na visiwa. Boti inayotoka nje iwe na redio ya baharini ya VHF na nahodha ajue kuita kwenye chaneli 16, ile ya kuombea msaada.

La mwisho la kutazama ni ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine. Nahodha akiivaa mkononi, akidondoka mashine huzima na propela haiwarudii waliomo majini. Ukiiona imefungwa kwenye mashine yenyewe kama pambo, mwombe aivae kabla ya kung'oa nanga.