Kumtafuta askari wa farasi wa Marekani: dhana potofu na ukweli wa makaratasi

Sinema za kauboi zimetuachia picha moja: tarumbeta inalia, bendera inapepea, askari wa farasi wanateremka bondeni na panga mkononi. Sasa fungua daftari alimoandikwa askari huyohuyo siku aliyojiunga. Ni mstari mmoja tu uliovuka kurasa mbili: jina, umri, kazi aliyokuwa akiifanya, alikozaliwa, rangi ya macho, ya nywele na ya ngozi, urefu kwa futi na inchi, aliandikishwa wapi na nani, rejimenti yake. Mwishoni kabisa kuna safu ya maelezo, ambamo karani ameandika alivyoondoka. Muda wake uliisha. Alikufa kwa kuhara. Alitoroka. Hapo karani akachovya kalamu tena wino, akaenda kwa mwingine.

Madaftari hayo ya jeshi la kudumu la Marekani yanaanzia 1798 hadi 1914, na hakuna hata ukurasa mmoja ulioandikwa ili mtu akumbukwe. Aliandikwa kwa sababu ya fedha: alipwe nini, akatwe nini, adaiwe nini, na baadaye apewe pensheni au anyimwe. Watu wengi wanaoanza kumtafuta babu au shujaa fulani wa farasi hawaanzii hapo, ndiyo maana wanazunguka.

Dhana: "Alikuwa askari wa chini tu, hana kumbukumbu."

Askari wa chini ndiye aliyehesabiwa kuliko wote. Kila baada ya miezi miwili, siku ya mwisho ya Februari, Aprili, Juni, Agosti, Oktoba na Desemba, kombania nzima ilipangwa mstari, majina yakasomwa na orodha ya malipo ikaandikwa. Bila kuwepo kwenye orodha, hakuna mshahara. Pembeni ya jina karani aliandika kama mtu yuko hospitali, yuko mahabusu, ametumwa kusindikiza barua, au anadaiwa bei ya bunduki aliyoipoteza. Ukizisoma orodha za miaka mitano mfululizo, zile mbio za sinema huzioni. Unaona mtu anakata kuni, anasafisha banda la farasi, anachimba barabara, anasimamisha nguzo za telegrafu. Ukiona ameandikwa kuwa fundi wa matandiko, au fundi wa kupigilia vyuma kwenye kwato, umepata jambo kubwa: mara nyingi kazi hiyo alikuja nayo kutoka kwao.

Dhana: "Lazima kuna faili lake mahali fulani, ni kuliomba tu."

Inategemea aliingia jeshini kwa mlango gani. Waliojitolea katika rejimenti za majimbo wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861 hadi 1865 wana kitu kinachofanana na faili. Baadaye makarani wa Wizara ya Vita walizipitia orodha za zamani, wakanakili kila jina kwenye kadi, kadi za mtu mmoja zikatiwa ndani ya bahasha moja. Lengo lilikuwa kuharakisha kujibu madai ya pensheni. Fedha tena.

Lakini aliyekuwa katika jeshi la kudumu baada ya vita hivyo, akazurura na farasi Texas, Kansas au Arizona, hana bahasha ya namna hiyo. Unamuunganisha mwenyewe: daftari la uandikishaji, orodha za malipo, taarifa za kila mwezi za kambi, kumbukumbu za hospitali ya kambi. Mtu akikwambia "nimeomba, wamesema hakuna", muulize kwanza aliomba kitu gani.

Tena aliyepigana upande wa Kusini, yaani wa majimbo yaliyojitenga, hakupewa pensheni na serikali ya Washington. Majimbo ya Kusini ndiyo yaliyolipa, na kila mtu alilipwa na jimbo alikokuwa anaishi uzeeni, si lile alikojiandikisha. Askari wa farasi wa Tennessee aliyehamia Texas, pensheni yake itafute Texas.

Dhana: "Kila kitu kiliungua 1973."

Moto ulitokea kweli, Julai 12, 1973, katika kituo cha kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis, ukaangamiza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Ila upande wa jeshi la nchi kavu, yaliyoungua ni ya walioachiliwa kati ya Novemba 1912 na mwanzo wa 1960. Mkongwe aliyeshuka farasi mara ya mwisho 1885 hakuguswa, makaratasi yake yako Washington. Hasara inayomhusu yeye ni ya moto mwingine, wa Januari 1921, ulioharibu karibu sensa yote ya 1890. Mwaka huohuo wa 1890 kulikuwa na orodha ya pekee ya wakongwe wa Kaskazini na wajane wao. Katika hiyo, majimbo yanayoanzia Alabama hadi Kansas kwa alfabeti yametoweka karibu yote, pamoja na nusu ya Kentucky, mengine yapo. Ukikosa hapo, sensa ya 1910 ina safu inayouliza kama mwanamume alipigana katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe na upande gani, na jibu lake ni herufi mbili tu.

Dhana: "Jina ni jina."

Sisi ambao tumewaona Mwanaidi wakigeuzwa Mwanahidi kwenye kitambulisho hatupaswi kushangaa. Karani aliandika alichosikia, na aliyekuwa mbele yake mara nyingi hakujua kusoma ili amsahihishe. Alitia alama ya X, mashahidi wawili wakasaini. Wahamiaji kutoka Ujerumani na Ireland walibadilishwa majina papo hapo mezani. Wengine walijibadilisha wenyewe, maana aliyetoroka rejimenti moja na kujiandikisha nyingine hakuweza kurudi na jina lilelile.

Kwa askari weusi jambo hili lina uzito mwingine. Rejimenti za 9 na 10 za farasi, wale walioitwa Buffalo Soldiers, ziliundwa kwa sheria ya Julai 28, 1866, na wengi wa walioingia walikuwa watumwa mwaka mmoja au miwili kabla. Mtu aliingia na jina la bwana wake wa zamani kwa kuwa ndilo watu walilomjua nalo, kisha akiwa huru akachukua jina la baba yake. Faili la pensheni hubeba yote mawili, na maelezo marefu ya kwa nini. Umri nao usiuamini sana. Kijana aliongeza miaka ili akubaliwe, na mzee mwenye kutaka kujiandikisha tena akapunguza. Aliyezaliwa utumwani aliambiwa umri wake na mtu mwingine. Mtu kama huyo anaweza kuwa na tarehe tatu za kuzaliwa katika karatasi nne, na hakuna hata moja ambayo ni ya uongo wa makusudi.

Dhana: "Farasi alikuwa wa serikali."

Kwa jeshi la Kaskazini kwa sehemu kubwa, ndiyo. Kusini, hapana. Huko askari alikuja na farasi wake mwenyewe, serikali ikamlipa senti 40 kwa siku kwa kumtumia, na siku ya kuandikishwa mnyama alithaminiwa bei, ikaandikwa pembeni ya jina la mwenyewe. Kwa hiyo unaweza kumkuta mtu ambaye hana picha wala barua, lakini bei ya farasi wake unaijua kwa dola. Farasi akiuawa vitani, mwenyewe alilipwa bei ile. Akifa kwa uchovu au maradhi, hasara ilikuwa ya askari, na asipopata mwingine alihamishiwa kwa waendao kwa miguu. Wengi wakiona mtu ametoka farasini akaingia jeshi la miguu hufikiri aliadhibiwa. Alikosa farasi tu.

Rangi ya farasi nayo husaidia. Katika Rejimenti ya 7 ya farasi, kwa mfano, kombania zilipangiwa farasi kwa rangi, na Kombania E ilijulikana kwa farasi wa kijivu. Hadithi ya bibi kwamba mzee "alipanda farasi wa kijivu" ina mahali pa kuanzia.

Dhana: "Babu alikuwa na Custer, akanusurika peke yake."

Hii nayo! Juni 25, 1876, kando ya mto Little Bighorn, kombania tano za Rejimenti ya 7 zilizokuwa na kamanda wao, Custer, zilimalizwa zote na Walakota na Wacheyenne, wenyeji wa asili wa nchi ile. Miaka iliyofuata yakajitokeza makumi ya watu, kila mmoja akidai ndiye pekee aliyebaki hai. Orodha ya malipo ya Juni 30, siku tano baadaye, haina huruma nao: ama jina halipo kabisa, ama mtu alikuwa kambi nyingine.

Ila usikimbilie kuicheka familia. Kombania C, E, F, I na L zilikuwa na watu waliosalia: waliokuwa na nyumbu wa mizigo, na walioachwa nyuma kwenye ghala la mto Powder, baadhi yao kwa kukosa farasi. Mtu wa Kombania C aliyenusurika si lazima awe mwongo. Yawezekana alisema "kombania yangu iliisha, mimi nikabaki", na ni wajukuu walioongeza bastola na usiku wa mbalamwezi.

Dhana: "Ameandikwa mtoro, basi alikuwa mwoga."

Mwaka 1871 mshahara wa askari wa chini ulishushwa kutoka dola 16 hadi 13 kwa mwezi, na mwaka huo karibu theluthi moja ya jeshi ikatoroka. Si wote waliokimbia risasi. Wengine waliondoka wakati wa joto, kazi za reli na migodi zilipofunguka. Katika rejimenti za weusi utoro ulikuwa mdogo sana ukilinganisha. Nje ya kambi hakukuwa na kazi iliyowangoja.

Dhana: "Faili la pensheni ni hesabu tu."

Hapa ndipo ningemwambia mtu atumie nauli yake yote. Sheria ya 1862 ililipa walioumia vitani. Ya Juni 27, 1890 ikafungua mlango kwa kila aliyetumikia Kaskazini siku 90 na sasa hawezi kazi za mikono. Serikali haikumwamini mwombaji, na kutokuamini huko ndiko kunakotunufaisha leo. Daktari alimvua nguo, akampima, akatia alama za makovu kwenye mchoro wa mwili uliochapwa kwenye fomu, mbele na nyuma. Kwa askari wa farasi utaona malalamiko yaleyale: bawasiri, ngiri, baridi yabisi, nyonga iliyovunjika farasi alipomwangukia. Ikitiliwa shaka, mkaguzi alitumwa mpaka kijijini, akawaapisha majirani na wenzake wa kombania, akaandika waliyosema.

Mwaka 1898 wastaafu walitumiwa fomu: una mke? Jina lake kabla ya kuolewa? Mlifungishwa ndoa wapi, lini, na nani? Taja watoto walio hai. Mjane aliyekosa cheti alileta ukurasa uliochanwa kutoka Biblia ya familia, au mkunga aliyemzalisha. Aliyeolewa utumwani, ambako sheria haikuitambua ndoa, alileta wazee walioishuhudia.

Aliyepigana tu na Wahindi Wekundu baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe alisubiri zaidi. Kama hakuumia kazini, hakuwa na chake hadi sheria ya Machi 1917, iliyohusu vita vya 1859 hadi 1891, naye awe amefika miaka 62. Ukimya wa miaka 30 katika karatasi zake hauna fumbo: hakuna aliyemdai, naye hakuwa na wa kumdai.

Faharasa za pensheni zinasomeka mtandaoni. Mafaili yenyewe kwa sehemu kubwa bado ni karatasi zilizokunjwa mara tatu, na lazima uagize nakala au uende. Kuna pia kadi za malipo za 1907 hadi 1933: kiwango kinapanda kidogo kidogo mtu anavyozeeka, anwani inabadilika akihamia kwa binti yake, kisha tarehe ya malipo ya mwisho na neno moja la karani: amefariki.